Makopo ya Minada

Nilisikia sarafu zikimwagwa kabla sijafumbua macho. Sebuleni, baba alikuwa akizichanganya upya senti na shilingi kuukuu nilizozipanga wiki nzima kufuata miaka iliyochapwa juu yake, kila mwaka kopo lake.

"Shikamoo, baba. Kulikoni?"

"Marahaba. Kopo la Chala liko wapi? La Mpui je?"

Kumbe alikuwa amezipanga kwa minada aliyouzia ng'ombe ujanani, kila kopo na punje za ulezi wa huko, zisishike kutu. Ulezi wote nilikuwa nimeuchekecha nikawapa kuku.

"Basi, msomi, kawaulize kuku nilikopita."

Kwa uchovu wa wiki hiyo sikuomba hata radhi. Aliokota shilingi moja, akaigeuzageuza, akashindwa kukumbuka ilikotoka. Akaiweka mezani polepole, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.