Kitabu Kipya Kipo

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya gundi, mwanangu. Nilikuwa kijana, naona kazi yangu ndiyo kazi na wengine wote wamekuja kunisindikiza. Ofisi yetu ilikuwa Dodoma mjini. Tulitengeneza programu ya kompyuta ya kutunza orodha za wagonjwa wa zahanati, na kila programu ilipobadilishwa tulichapa toleo jipya la kitabu cha kuelekeza namna ya kuitumia. Mimi nilichora majalada. Hamisi, kijana mwenzangu kutoka Kondoa, alichapa kurasa za ndani na kuzibandika kwenye majalada yangu.

Jalada la toleo la kwanza lilikuwa la kijani, la pili la buluu. La tatu, we acha tu. Karatasi inang'aa, rangi ya zambarau, vichala vya zabibu vimeizunguka picha ya kompyuta. Ukiniuliza zabibu zinahusiana nini na wagonjwa, hata leo sijui. Nilitaka lipendeze. Namba ya toleo niliiweka chini pembeni, ndogo kama chawa, maana kubwa ingeniharibia sura.

Sasa sikiliza. Katika toleo la pili kulikuwa na kitufe cha kuhifadhi majina. Katika programu mpya kitufe kilekile kikawa cha kufuta. Usiniulize kwa nini, walioiandika walikuwa na akili zao. Wiki tatu baada ya kugawa kitabu kipya, muuguzi mkuu wa zahanati moja huko Mlali, Mama Ndahani, akapiga simu. Amefuata kitabu neno kwa neno, na orodha yote ya akina mama wajawazito imefutika.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Kitabu kipya mnacho?"

"Marahaba. Kipo."

Nikamwomba anisomee ukurasa wa kumi na mbili, unaoeleza kile kitufe. Akasoma, na yalikuwa maneno ya toleo la pili.

Masikio yaliniwaka moto. Kitabu kipya kipo, na ndani yake mna maneno ya zamani! Nani mwingine angezivalisha kurasa za zamani jalada langu jipya kama si Hamisi?

Mwanangu, ukishaanza kumshuku mtu, kila anachofanya kinakuwa ushahidi. Hamisi alikuwa akifunga mlango wa chumba chake mchana kweupe. Anaficha nini? Rundo la kurasa za toleo la pili zilizobaki stoo lilikuwa likipungua. Zinakwenda wapi? Nikimsalimia, ananijibu kwa mkato. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa namsalimia huku nimemkazia macho, nani angenichekea? Nikawa napita mlangoni kwake bila shughuli yoyote, natega sikio. Hata mfuko wake niliuchungulia, aibu yangu hiyo, nikakuta wali na maharage. Nikajiambia, huyu ni mjanja, ameshajua namfuatilia.

Nikaenda kwa bosi wetu, Mama Neema, nikamweleza niliyoyaona, na mengine nikayaongezea chumvi. Hamisi akaambiwa akae nyumbani kwake Ipagala mpaka jambo lijulikane, na likithibitika, kazi hana. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga wa wiki mbili. Nilijua hilo vizuri, nilikwenda kuwapa hongera na uji wa mzazi nikanywa. Wakati anatoka alisimama mezani kwangu akauliza, "Kwani nimefanya nini, kaka?" Nikajifanya nasoma.

Mama Neema akanituma Mlali nikakichukue kile kitabu kiwe ushahidi. Niliondoka na basi la asubuhi nikiwa na raha zangu, nawaza nitakavyokiweka mezani kwa bosi.

Mama Ndahani alikuwa mtu mzima, mpole, kitenge amekifunga juu ya sare. Akanipa maji ya kunywa, kisha akanipa kitabu kilichokuwa mezani. Kimejalidiwa kwa karatasi ya kaki kama daftari la mwanafunzi, juu kimeandikwa kwa kalamu: KOMPYUTA. Nikabandua ile kaki. Chini yake, buluu. Toleo la pili.

"Mama, si ulisema kitabu kipya kipo?"

"Si kipo?" Akafungua kabati la vioo. Kitabu changu kilikuwa kimesimamishwa katikati ya vikombe vya wageni, bado kiko ndani ya nailoni yake, zabibu zinang'aa. "Kizuri hivi nikiweke mezani kimwagikiwe dawa? Hiki tumewatunzia wakaguzi."

Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nikamsimulia habari za Hamisi, nikidhani atanionea huruma.

"Huyo Hamisi ulimuuliza?"

"Sikumuuliza, mama. Nilikuwa na uhakika."

"Mwanangu, umetoka Dodoma kuja kukagua kabati langu, na mtu mnayekaa naye ukuta kwa ukuta hukumuuliza swali hata moja. Mimi nimefuta majina. Nitayaandika upya, akina mama wenyewe wapo. Wewe utaandika upya nini?"

Nikapanda basi la kurudi. Njia nzima nilitazama dirishani nisionwe na watu.

Nilishukia Ipagala kabla ya kwenda ofisini. Hamisi alikuwa uani anaanua nepi. Nikamwomba radhi, halafu kwa mara ya kwanza nikamuuliza. Mlango alikuwa akiufunga kwa sababu upepo wetu huu wa Dodoma ulikuwa unamjazia vumbi kwenye gundi mbichi. Kurasa za zamani alizipeleka shule ya jirani watoto waandike upande wa nyuma, na Mama Neema ndiye aliyemruhusu, akasahau.

"Nimekusamehe, kaka," akasema, akaendelea na nepi zake.

Nikaenda kumweleza Mama Neema ukweli wote, na kesho yake Hamisi akarudi kazini. Toleo la nne nililichora jeupe, karatasi ya kawaida, namba kubwa katikati, na chini maneno: Kiweke mezani, cha zamani kirudishe. Hakuna aliyelisifu, wala hakuna aliyelifungia kabatini.

Lakini Hamisi, mwanangu. Kuanzia siku ile, kila kitabu alichomaliza alikuja nacho mezani kwangu, akakifungua ndani, akasimama akisubiri nitazame. "Hakikisha mwenyewe, kaka." Nikamwambia haina haja. Akasema, "Haja ipo." Hakuwa na kinyongo, chai tulikunywa pamoja na utani tulitaniana. Alifanya hivyo mpaka toleo la tisa, mpaka siku anaagwa kwa kuacha kazi. Iliniuma kila mara, na bado inaniuma.

Jana ulinijia umevimba kwa hasira, ukisema mwenzako wa kazini amekuchezea mchoro wako. Umeniletea dalili saba, neno lake mwenyewe hukuniletea hata moja. Nenda kamuulize. Muulize kabla hujamwambia bosi, kabla hujamwambia mkeo, na ukae umsikilize mpaka amalize. Ukishamshtaki bure utaomba radhi, naye huenda akakusamehe, ila hatakuamini tena kwamba unamwamini.

Mungu akupe wepesi wa kuuliza na uzito wa kushtaki. Na akujalie wenzako wakukabidhi kazi yao ikiwa imefungwa, nawe uipokee.