Mchaichai Ndani ya Tumbaku

Babu yangu hakuwahi kuvuta sigara ya pakiti. Alinunua tumbaku ya majani sokoni Mabibo, akaikatakata kwa kisu kilekile alichochongea vinyago, kisha akaihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na ganda la chungwa ili isikauke. Karatasi ilikuwa ya gazeti. Alikwepa kurasa zenye picha, kwa madai kwamba wino wa picha huwasha koo.

Kiharusi kilipompooza mkono wa kulia, tulimtoa katika chumba alichopanga Temeke tukamleta nyumbani kwetu Tegeta. Mama alikuwa kazini hadi jioni. Mimi nilikuwa nimemaliza stashahada ya afya ya jamii na nilikuwa nasubiri ajira, kwa hiyo kazi ya kumsokotea iliniangukia mimi. Sigara nne kwa siku. Alinifundisha kwa maneno, maana mkono haukuweza tena kuonyesha: tumbaku iwe nyembamba katikati, vidole gumba visukume pamoja, ulimi upite ukingoni mara moja tu.

Kila Jumamosi nilijitolea kwenda shule za sekondari kuwaeleza wanafunzi madhara ya tumbaku. Nikirudi, babu aliniuliza kama mke wake alikuwa ametoka tena kumsema kwa watu. Ndivyo alivyoniita, mke wangu, kama mababu wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Aliongeza kwamba marehemu bibi alimsokotea miaka yote bila kumhubiria. Nilicheka, lakini usiku nilimsikia akikohoa, na sikuweza kulipatanisha lile nililolisema darasani na lile nililolifanya jikoni.

Ndipo nilipobuni njia yangu. Nilianika mchaichai wa uani, nikausaga kwa viganja, nikauchanganya na tumbaku iliyokuwa koponi. Wiki ya kwanza kijiko kimoja, wiki ya pili viwili. Kufikia wiki ya nne, nusu ya kopo ilikuwa mchaichai. Babu alivuta na hakusema neno. Nilijipongeza. Niliamini nimempunguzia sumu bila kumvunjia heshima, na hata niliwaza siku moja kuandika kuhusu mbinu hiyo.

Jumapili moja alikuja mzee mwenzake, mchongaji waliyetoka naye Newala ujanani. Nilimwamkia shikamoo, nikawawekea chai na sahani yenye sigara mbili. Mgeni aliwasha yake, akavuta, akaitoa mdomoni akaitazama.

“Mzee mwenzangu,” alisema, “hii unavuta au unakunywa?”

Akaichovya kwenye kikombe, akasema sasa imekamilika, imepungukiwa sukari tu. Babu alicheka naye. Alimwambia kwamba daktari ndiye aliyemwandikia dawa hiyo, kisha akaendelea kuvuta ya kwake mpaka mwisho, taratibu, kana kwamba hapakuwa na kasoro. Nilielewa kwamba ananifichia aibu mbele ya mgeni.

Mgeni alipoondoka, nilikaa mkekani kando ya kiti chake, nikamwomba radhi. Nilimweleza kuhusu mapafu yake na kiharusi, na kwamba nilifanya hivyo kwa kumpenda. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Nilijua tangu kijiko cha kwanza,” alisema. “Nilikuwa nasubiri uniambie. Mkono umekufa, mke wangu, ulimi bado.”

Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa ana haki ya kujua anachopewa, na mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri. Nilimwambia, safari hii nikimtazama usoni, kwamba sitamsokotea tena, wala sitatia kitu tena katika kopo lake. Alikubali kwa kichwa. Akaniomba nimwage ule mchanganyiko, na nimletee sinia, gazeti na tumbaku mpya.

Alianza baada ya adhuhuri. Mkono wa kushoto ulikunja karatasi, karatasi ikafunguka, tumbaku ikamwagika kwenye kanzu. Alikusanya akaanza upya. Nilijilazimisha kukaa pale, kwa kuwa kuondoka kungekuwa namna nyingine ya kujificha. Adhana ya alasiri ilipita. Mara ya tano au ya sita aliukandamiza ukingo mmoja kwa kiwiko cha mkono uliopooza, ukamponyoka.

“Shika hapa,” alisema. “Kushika si kusokota.”

Sijui kama alikuwa sahihi. Niliweka kidole kwenye kona ya gazeti, naye akasokota, akalamba. Ilitoka imepinda, nene upande mmoja. Aliichunguza kama kinyago cha mwanafunzi wake, akasema bibi angemfukuza.

Sasa anavuta moja kwa siku, kwa sababu moja humchukua nusu ya mchana. Mama anadhani ni matokeo ya elimu yangu. Nimemweleza ukweli. Kila siku kabla ya alasiri babu huniita, nami huenda nikaweka kidole pale anaponionyesha.