Mstari Uliopinda Kwenye Mchoro Wangu

Shangazi yangu alinikamata kwa wizi akiwa amesimama mbele ya mchoro ambao, kwa maelezo niliyoyabandika mwenyewe ukutani, haukuwa picha ya kitu chochote.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mchoraji. Sichori nyuso wala mito. Nachora rangi na mistari, watu wanainamisha vichwa na kusema "mmh."

Miaka mitatu nyuma nilikuwa nimekwama, sina hata wazo moja. Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, ni mfumaji. Siku moja alitoka kidogo, nikakuta kitambaa kipya kimeshashushwa kwenye mtambo wa kufumia, kimekunjwa vizuri. Nikakichukua. Nilijiambia nakiazima tu, nitakirudisha.

Maneno ya wezi hayo.

Aliporudi hakukiona. Mtu mwingine mwenye ufunguo wa chumba cha kufumia alikuwa jirani yake, mfumaji mwenzake, rafiki wa miaka ishirini. Shangazi akamwita mwizi mbele ya watu. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakunywa chai, na niliendelea kunywa.

Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Mimi huyo nikachora. Nilinakili kitambaa mstari kwa mstari, nikakikuza mpaka kikawa na ukubwa wa mlango, nikauita mchoro "Kilio cha Mizizi." Kitambaa chenyewe nikakigeuza tambara la kufutia brashi.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilipita elfu moja, nikaanza kujiona msanii.

Basi ikafika siku ya maonyesho. Mtaalamu mmoja wa sanaa, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, alisimama mbele ya kazi yangu akavutiwa na mstari mwekundu uliopinda toka juu mpaka chini. Akawaeleza watu kwamba hapo msanii anaasi utaratibu, anapambana na mababu. Nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyewahi kupambana na mababu.

Shangazi alikuwa nyuma yetu. Nilimwalika ili anione nikisifiwa. Akasogea, akaweka kidole kwenye ule mstari.

"Hapa nilikosea," akasema. "Nilipokuwa natanda nyuzi mtamboni, kabla ya kufuma, baadhi zilipishana. Ukikosea mwanzo, kosa linashuka na kitambaa mpaka mwisho."

Mtaalamu akashusha miwani.

"Kosa hili nimelifanya mara moja tu maishani." Sasa alikuwa ananitazama mimi. "Kitambaa changu kiko wapi?"

Nikaishiwa pozi. Mababu hawakunisaidia.

Jioni ile ile aliniongoza mpaka kwa jirani. Nilibeba kitambaa mkononi, rangi zimekikaukia, kimekakamaa kama ubao. Nikapiga magoti mlangoni nikaungama yote. Shangazi alikuwa analia, hathubutu kuinua macho.

Jirani hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua," akasema. "Siku ile nilikuona nikiwa dirishani kwangu, unatoka na kifurushi kwapani."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Shangazi yako hana mtoto mwingine. Ningesema, angekupoteza wewe. Nikaona heri anipoteze mimi."

Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mimi niliandika kurasa tatu kueleza mistari ya kuiba. Yeye alibeba jina la mwizi miaka mitatu bila kutoa maelezo yoyote.

Kisha akakichukua kitambaa, akakikunjua kwa taabu, akakikagua kwenye mwanga wa mlango.

"Nyuzi zilizopishana ni tatu," akamwambia shangazi. "Nilikwambia siku ile unatanda, ukabisha."

Shangazi akacheka huku bado analia. Akaingia ndani. Mimi waliniacha pale pale nimepiga magoti.

Somo? Ukikosea mwanzo, fumua siku hiyo hiyo. Usingoje mtaalamu aje alisifu kosa lako.