Jina la Ishirini na Tatu

Bi Safaa alikuwa na majina ishirini na mawili, na alitakiwa awe nayo ishirini na matatu.

Hilo moja lilimtoroka lini, hajui. Mtu akiibiwa kuku huona manyoya. Jina likiondoka haliachi kitu. Asubuhi moja alikuwa akifagia uwanja wake huku akiwataja watu wake kimoyomoyo, ada yake ya kila siku. Baba, mama, Mjomba Gasana, jirani Zaina na wanawe, akateremka nao hivyo mpaka Shangazi Kayitesi, na baada ya Kayitesi yule mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Fagio likasimama. Yule mtoto aliitwa nani? Akaganda pale mpaka kuku wakaanza kumdonoadonoa vidole vya miguu.

Kijijini kwake, kwenye mashamba ya karafuu juu ya mji wa Mkoani, Pemba, watu wanamjua Bi Safaa kwa mikate ya kumimina na kwa ulimi usio na breki. Ukimsikia utaapa kazaliwa hapahapa. Wapi! Kazaliwa Rwanda, mtaa wa Waislamu, ambako Kiswahili kilisemwa dukani na msikitini. Mwaka wa tisini na nne, Watutsi walipowindwa nyumba kwa nyumba na majirani wenye mapanga, jamaa zake wote waliuawa. Yeye, msichana wa miaka kumi na tisa, alivuka mpaka na kanga moja. Huko Ngara, kwenye kambi ya wakimbizi, akamkuta Khatib, kijana wa Kipemba aliyekuwa akishusha magunia ya unga. Wakaoana, Khatib akamleta kisiwani kwa mama yake, Bimkubwa.

Bimkubwa alimtazama msichana yule mifupa mitupu, akasema, "Umeniletea mkamwana, au ufagio?" Kisha akamkumbatia, wakalia wote wawili mlangoni hata chai ikapoa.

Mwaka ule karafuu zilizaa hata matawi yakavunjika. Wanawake walikaa majamvini kutwa wakichambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Kazi ya kuchambua ni ya vidole. Kichwa huachwa kizurure kitakako. Na ile harufu, jamani, inalevya. Ukikaa nayo tangu asubuhi, kufika alasiri unawaona watu wasiokuwapo, wanapita baina ya mikarafuu, wanakaa pembeni ya jamvi, wananyoosha miguu. Safaa aliwaona wake. Vidole vikienda, mdomo nao ukafunguka, akawa anawataja mmoja mmoja kwa mwendo uleule wa vidole, sauti ya chini, na mwishoni kabisa yule mtoto wa mgongoni. Akimaliza anaanza upya. Wanawake hawakumkatiza. Watoto walikuwa wakipita wakiokota makonyo yaliyoanguka, wakipigana vikumbo, na hakuna aliyewajali.

Misimu mitano ilikwenda hivyo. Halafu jamaa mmoja wa mumewe, mtu wa kujitia kujua kila kitu, akamwambia, "We mwanamke, kila siku unawaita wafu tu, wewe una nini? Waache walale."  Toka siku ile Safaa aliwataja moyoni tu, na cha moyoni, wallahi, huliwa na mchwa bila mwenyewe kujua. Sasa Khatib na Bimkubwa wameshatangulia mbele ya haki, na kule Rwanda hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Jina lile likipotea kichwani mwa Bi Safaa, limepotea duniani.

Na lilipotea mwaka mbaya. Mwalimu Hafidh wa skuli ya sekondari na wazee wa wanafunzi walikuwa wamekubaliana kwamba kila mwezi wa saba, zinapotimia zile siku mia za mauaji ya kimbari, kijiji kikutane skuli kuwakumbuka watu wa Bi Safaa, watoto wajue binadamu huweza kufika wapi. Miaka yote walikumbukwa kwa jumla, bila kutajwa majina; mwaka huu Mwalimu alileta jambo jipya. Kwetu ukiwa na jina moja na mtu, huyo ni somo wako: mnapeana zawadi, mnateteana, akifa unamlilia. Basi kila mwanafunzi wa darasa la Mwalimu achukue somo mmoja katika wale waliouawa, aulize alipenda nini na alichukia nini, kisha asimame amtaje mbele za watu.

Shehe Ngwali, imamu wa msikiti, aliipokea orodha ya waliouawa akaisoma taratibu. Upande wa mama yake Bi Safaa walikuwa Wakristo. "Hawa Waislamu nitawasomea hitma," alisema. "Hawa wengine mpelekee Mwalimu, Bi Safaa. Ubao wake haubagui." Bi Safaa akacheka, akamwambia, "Na mikate yangu utakula yote, ya huku na ya huku."

Wanafunzi walikuwa ishirini na watatu. Walikuja barazani kwake wakachukua masomo wao. Yule wa Gasana alijifunza kwamba Gasana alikuwa mkorofi wa karata. Yule wa Zaina aliambiwa Zaina alikuwa na sauti mbaya na hakuacha kuimba. Wa mwisho alikuwa Yumna, binti mwenye haya, karatasi yake nyeupe mkononi.

"Na wangu, Bibi?"

"Subiri, mwanangu. Wako yuko njiani."

Alimdanganya. Kila alipojinyoosha mchana, usingizi ukampitia, alimwona Shangazi Kayitesi akitembea juu ya majamvi ya karafuu, nyayo hazizami, mtoto amefungwa mgongoni, kisogo tu kinaonekana. "Mgeuze nimwone uso," Bi Safaa alimwomba. Kayitesi aliendelea kutembea, na jamvi lilirefuka mbele yake, na harufu ilizidi, na Bi Safaa aliamka kope zimelowa.

Siku moja kabla ya mkutano, alikwenda kumwambia Mwalimu ukweli. Mwalimu alimwonea huruma. "Tuandike 'mtoto wa Kayitesi', Bi Safaa. Watu watafahamu."

"Waliomuua nao hawakumjua jina," alijibu, akatoka.

Alirudi kwa njia ya mashambani, hasira zimempanda, hata salamu za watu hakuzisikia. Alasiri ilikuwa imetulia, majamvi yameanikwa, jua limekuwa laini. Chini ya mikarafuu watoto walikuwa wakicheza mchezo wa kujificha. Siti, kitoto cha miaka saba, alikuwa amesimama kwenye shina, viganja machoni, akihesabu ili wenzake wapate kujificha. Bi Safaa alisikia, akasimama. Yule mtoto hahesabu moja, mbili, tatu.

"Gasana, Zaina, Shabani..."

Damu ilimpanda. Watu wake! Waliochinjwa, leo mchezo wa watoto! Akavua ndara akainua mkono. "Nyie mashetani wadogo, nani kakupeni ruhusa ya..."

"...Mutesi, Nkusi, Kayitesi, Gasaro! Nakuja!"

Ndara ikabaki hewani.

Gasaro. Bila shaka Gasaro. Kayitesi akageuka pale pale baina ya mikarafuu, na yule mtoto akamtazama Bi Safaa juu ya bega la mama yake, amenuna, na mate kidevuni.

Bi Safaa alikaa chini kwenye majani, hakuchagua pa kukaa. "Siti. Hayo umefunzwa na nani?"

"Mama." Siti aliitazama ndara kwa hadhari. "Kasema walikuwa wakihesabu hivyo walipokuwa wakiokota makonyo. Moja, mbili ni za skuli, Bibi. Hii ya kujificha. Lazima uwataje wote, ukimruka ntu mmoja umefungwa, unaanza mwanzo."

"Lazima wote?"

"Wote. Ndo sheria."

Bi Safaa alilia, akacheka, akalia tena. Alitaka kuwapiga na alitaka kuwabusu. Miaka thelathini aliwadhani wale watoto wa makonyo hawasikii. Mmoja mmoja waliojificha walijitokeza kwa kuchoka kungoja, wakauliza mbona hawatafutwi, na Bibi analilia nini.

Kwa Yumna alifika na ndara moja mguuni, nyingine mkononi. Binti alikuwa akiosha vyombo. Akajifuta mikono haraka akaleta karatasi yake nyeupe.

"Gasaro," alisema Bi Safaa. "Somo wako anaitwa Gasaro."

Yumna aliandika polepole, herufi moja moja. "Alipenda nini, Bibi?"

Bi Safaa alifikiri. Mtoto wa miezi minane hupenda nini?

"Kuuma," alisema. "Alikuwa na meno mawili tu, ya chini. Aliuma kila aliyembeba. Mimi aliniuma hapa," akaunyoosha mkono wake, na Yumna akausogelea kutazama.