Vifungo vya Bahari ya Barafu

Mimi ni mmoja wa watu waliotayarisha meli kwenda bahari ya barafu. Maji makubwa kuliko yote niliyokuwa nimeyaona wakati huo ni bwawa lililo chini ya Kibera, na hata hilo nililitazama kwa mbali kwa sababu ya uoga.

Nilikuwa mshonaji katika karakana ya turubai huko Kawangware. Tulishona mahema na mifuniko ya malori. Mjomba, ndugu ya mama yangu, ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Yeye ndiye aliyenitoa nyumbani Magharibi, akanipa kazi, na akanipa sakafu ya chumba chake Kambi Muru, Kibera, nilalie. Kwa hiyo mtu wa kumkosoa hapo karakana angeweza kuwa yeyote, ila si mimi.

Siku moja akaja wakala kutoka Mombasa. Alitaka uzio wa turubai unaoelea, wenye maboya juu na mnyororo chini, uje vipande vipande. Meli ikimwaga mafuta kule kwenye barafu, mabaharia wangeunganisha vipande hivyo na kuyazungushia mafuta yasienee.

"Na mafuta yatakubali kuzungukwa?" aliuliza mshonaji mwenzangu, mtu wa kutoka ziwani ambaye hakunyamaza hata akiwa na sindano mdomoni.

"Yako na adabu kukuliko," Mjomba akamjibu.

Mambo ya baridi hayakutusumbua. Mmoja wetu aliwahi kuchuma chai Limuru mwezi wa Julai, basi tukamfanya mtaalamu wa barafu. Alitushauri tushone kwa nguvu. Tukashona kwa nguvu.

Vifungo vya kuunganishia vipande alivichagua Mjomba mwenyewe. Vilikuwa vidogo, vya kung'aa, masalio ya oda ya mifuko ya shule. Alivisugua kwa kitambaa na kusema Wazungu watashangaa. Katika hilo hakukosea hata kidogo.

Wakala alikuwa ametuachia glavu za mabaharia, nene kama mito, ili tushone mikoba ya kuzibebea. Sisi, watu wa maarifa, tulizitumia kuepulia sufuria ya chai. Asubuhi moja nilikuwa nimezivaa, nimetoka tu kutua sufuria, Mjomba akaniita nimfungie vipande viwili. Nikajaribu. Kidole kimoja cha glavu kilifunika kifungo chote. Nikazivua haraka, nikafunga kwa mikono mitupu, na hakuna aliyeona.

Lakini mimi niliona. Nikaanza kumfikiria baharia fulani nisiyemjua, amesimama kwenye baridi isiyoruhusu kuvua glavu, mafuta yanamkimbia, na yeye anachezea kifungo cha mfuko wa mtoto wa darasa la pili.

Kusema sikuweza. Mimi hata kondakta nilimwachia anipitishe kituo kuliko kupaza sauti. Nikaamua kuandika. Chakula cha mchana chote kiliisha nikiandika mstari mmoja: *Mjomba, kwa glavu haifungiki.* Nikauweka chini ya mkasi wake. Akauchukua bila kuusoma, akapangusia grisi ya cherehani, akautupa. Angalau sasa nilijua karatasi yangu inafyonza mafuta.

Usiku wa siku mbili nililala kwenye sakafu yake nikimsikia akimsimulia mkewe jinsi vifungo vyake vitakavyofika mwisho wa dunia. Nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu, na pengine nirudi kwetu na godoro langu kichwani.

Wakala akarudi kukagua. Mjomba akafunga na kufungua vipande kwa vidole vitupu, haraka kama mcheza karata. Wakala akatabasamu, akatoa kalamu atie sahihi. Mimi nilikuwa nimeshika glavu, tayari kuzipakia. Miguu ikaenda yenyewe. Nikamnyooshea Mjomba zile glavu.

"Vaa, Mjomba."

Hayo ndiyo maneno yote niliyoyapata. Akacheka, akavaa. Akajaribu kufunga. Akajaribu tena, akauma ulimi.

"Buda," yule wa ziwani akamwambia Mjomba, "tuendelee kungoja ama tumwambie mafuta isimame kidogo?"

Wakala akarudisha kalamu mfukoni. Mjomba akavua glavu polepole, akakohoa. "Nilikuwa nawapima hawa vijana," akasema, "nione nani ana macho."

Wakala alitupa wiki moja. Tungetoa vifungo vyote na kuweka vigingi vya mbao vya ukubwa wa muhogo na vitanzi vya kamba. Kazi ya kufumua akapewa yule mwenye macho, peke yake.

Jioni hiyo Mjomba alitembea mbele yangu kutoka Kawangware hadi Kambi Muru bila kugeuka. Nilihesabu nguo zangu akilini, hazikunichukua muda. Chumbani mkewe akapakua ugali, akatutazama mmoja mmoja.

"Kwani kumetokea nini huko kazini?"

"Muulize engineer wa meli," akasema Mjomba, akinionyesha kwa kidevu.

Nikainama. Mjomba akamega tonge, akalisogeza bakuli la mboga hadi mbele yangu.

"Kula, wewe. Kesho una vifungo vya kufumua."