Mfalme wa Nyua Tatu

Mjukuu wangu kaniwashia mfalme wa Korea kwenye TV, kasema, "Bibi, stay inside, okay? Lifti mbovu," kaenda zake kazini. Mfalme yuko juu ya farasi, anataka falme tatu ziwe moja.

Wetu sisi, utotoni, alikuwa binamu yangu, upanga wake kijiti cha muhogo. Watoto wa nyua mbili walishampigia magoti. Mimi wa ua wa tatu nikakataa, akanifungia ndani ya banda la kuku, komeo kwa nje.

"Piga magoti, mateka!"

Mavi ya kuku yananiwasha pua, utitiri unanitambaa shingoni. Nikaigiza sauti ya mama yake: "We mbwa we, maji umechota?"

Mfalme akatimka, na jeshi lake lote. Nikawaita, kwa sauti yangu sasa. Hakuna aliyerudi kunifungulia.