Kuni za Siku ya Mvua ya Mawe

Ilianza Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, pale karani wa nishati alipoweka kikombe chake cha chai juu ya kitabu cha mita na kusema, bila hata kuniangalia, kwamba Jumatatu mtu wa boila wa zamu ya mchana atapewa barua ya kuachishwa kazi.

"Anakula kuni kama jehanamu," alimwambia fundi wa umeme aliyekuwa amesimama mlangoni. "Hawa watu wa ziwa, bwana! Wanadhani boila ni jiko la kukaanga omena."

Fundi alicheka. Halafu akaniona, akakumbuka mimi ni mtoto wa nani, akakohoa na kwenda zake. Karani hakukumbuka chochote. Nilikuwa nimekaa mbele yake siku nane za likizo, naingiza tarakimu zake kwenye kompyuta, na hakuwahi kuniuliza jina wala nyumbani. Aliniita Shule. Shule, funga mlango. Shule, leta mandazi.

Mtu wa boila wa zamu ya mchana ni baba yangu.

Nyumba yetu iko laini, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi wa kampuni, na nyumba ya laini hufuata kazi. Kazi ikienda, mnapewa siku chache mtoe vitu. Kwa hivyo barua hiyo ilikuwa pia barua ya mama na kuku wake watatu, na ya kitanda changu, na mimi nilikuwa nimeketi pale na kalamu mkononi nisiseme neno. Ndivyo nilivyo. Darasani nikiitwa kujibu, jibu nalijua lakini sauti hubaki tumboni. Badala yake huwa naandika kwenye daftari langu. Na mtu asiyesema hupata nafasi kubwa sana ya kudharau.

Karani huyo nilimdharau tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya gambuti zake. Kericho, mwezi wa nane, mvua kila siku, na viatu hivyo vya mpira havina tope. Kazi yake ilikuwa kwenda kila asubuhi saa kumi na mbili kwenye kibanda cha mita nyuma ya kiwanda, asome stima iliyotumika, kisha aende kwenye uwanja wa kuni apime rundo kwa futi ya kamba. Baadaye agawanye kwa kilo za chai iliyotengenezwa, ijulikane kilo moja imekula stima ngapi na kuni ngapi. Ni kazi ya maana. Hata mimi wa Kidato cha Tatu naona ni ya maana, kwa sababu miti haioti kwa wiki moja.

Yeye aliingia saa mbili, akawasha hita ya stima iliyofichwa chini ya meza yake, akatazama tarakimu ya jana, akatazama dari, akaongeza kitu. Basi. Zote kwa penseli. Bili ya stima ikifika mwisho wa mwezi, alichukua raba na kurudi nyuma, akaisambaza tofauti siku zote sawasawa kama mtu anayepaka mkate siagi. Kuni nazo alizikata katikati, nusu zamu ya mchana, nusu zamu ya usiku, ingawa kila mtu anajua chai nyingi pale hukaushwa usiku. Kwa hivyo baba alibebeshwa nusu ya kuni na chai kidogo, na kwenye karatasi akaonekana mharibifu. Juu ya kichwa cha karani, ukutani, kulikuwa na cheti cha kuhifadhi nishati ndani ya fremu ya kioo. Hita ilikuwa inakipasha moto.

Hiyo Alhamisi nilikuwa nimefika kwenye Jumatano ya wiki ya kwanza ya likizo. Nikaingiza kuni za zamu ya mchana, mita za ujazo tisa, jina la baba pembeni. Nikaingiza kilo za chai kutoka kwenye karatasi ya chumba cha kupakia. Kilo sifuri. Kompyuta ikakataa kugawanya, ikaleta alama za makosa.

Sifuri. Nikaikumbuka siku hiyo vizuri. Jumanne yake jioni mvua ya mawe ilikuwa imepiga mpaka majani ya chai yakabaki vijiti, na nguzo za stima zikaanguka. Jumatano hiyo baba hakuenda kazini. Alikuwa juu ya paa letu akiziba matundu kwenye mabati, mimi chini nikimrushia vipande vya lami, na mchana tukala ugali pamoja sisi watatu, kitu ambacho hakitokei siku ya kazi. Sasa kitabu kinasema siku hiyo alichoma mita tisa za kuni.

Nilijikaza nikanong'ona, "Hapa inakataa. Chai ni sifuri."

Hakuinuka. "Weka moja."

"Moja?"

"Si imekataa sifuri? Weka moja iache kulia. Kompyuta inajua nini kuhusu kiwanda?"

Ningeweza kubishana. Sikubishana. Nikaweka moja. Nisijifanye malaika hapa: nilijua kitakachotokea. Kwenye mchoro siku zote zilikuwa chini, zimejipanga kama ua lililokatwa kwa makasi, na Jumatano ile peke yake ikapanda kama mlingoti wa bendera. Mita tisa za kuni kwa kilo moja ya chai. Nikachapisha bila kusema kitu. Nilidhani mchoro utasema badala yangu.

Saa tisa alasiri mkutano ukaanza: meneja wa kiwanda, karani, fundi wa umeme na wasimamizi wawili wa zamu. Mimi niliitwa kugawa karatasi, kisha nikasahauliwa kwenye kona karibu na kabati. Mlingoti ulikuwa mbele ya watu wazima watano. Nikasubiri wacheke.

Meneja akaweka kidole juu yake. "Na hii?"

"Ndiyo huyo sasa, bosi," karani akasema. "Mtu wetu wa boila. Siku hiyo alichoma bila huruma."

"Haki ya Mungu!" msimamizi mmoja akasema.

Meneja akatikisa kichwa kwa huzuni. "Barua itoke Jumatatu."

Wakaamini! Watu wenye miwani, wenye diploma. Tisa kwa kilo moja, pakiti ya kilo moja ambayo mama angeibeba kwa mkono mmoja, na hakuna aliyeuliza. Nafikiri ni dharau iliyonisukuma, si ujasiri. Ujasiri sina. Niliona tu kwamba wakitoka pale hivyo, sisi tutalala nje kwa ajili ya upuuzi.

"Siku hiyo baba alikuwa juu ya paa," nikasema.

Ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Wote wakageuka kutazama kabati.

"Paa gani?" meneja akauliza.

"La nyumba yetu. Tulikuwa tunaziba matundu." Goti langu lilikuwa linagonga mlango wa kabati, kila mtu akisikia. "Ilikuwa kesho yake ya mvua ya mawe. Hakukuwa na stima. Chai ilikuwa sifuri, nikaambiwa niweke moja."

"Huyu ni mtoto wa shule, bosi," karani akasema haraka. "Ameingiza vibaya. Hawa watoto wa siku hizi na kompyuta..."

"Lakini ni kweli," fundi akasema, akitazama viatu vyake. "Nguzo mbili zilianguka. Hata jenereta ilikataa. Tulikaa giza mpaka Alhamisi mchana."

Meneja akavuta kitabu, akafungua Jumatano. Kuni mita tisa. Stima kama ya juzi yake. Chini kabisa, sahihi yake mwenyewe, yenye mkia mrefu.

"Mimi ndiye niliyewaambia watu waende nyumbani siku hiyo," alisema polepole, kana kwamba anapewa habari na mtu mwingine.

Alifunga kitabu. Akasema barua isiandikwe. Akasema kwa mwezi mzima kila kitu kisomwe upya, mita kwa macho na kuni kwa futi, kila zamu kivyake, kwa wino, ndipo ijulikane nani anakula kuni. Akamwambia karani kuanzia kesho awe kwenye kibanda saa kumi na mbili. "Na huyu msichana aandike, mpaka shule zifunguliwe." Karani akasema ndiyo bosi, tena ndiyo bosi. Si kwamba baba alisafishwa. Alipewa mwezi tu. Meneja hakumwomba mtu msamaha, na cheti kilibaki ukutani.

Nyumbani baba alikuwa ameshasikia. Alikuwa ananawa masizi kwenye beseni.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu kwa lugha ya kwetu, "ati umesema mbele ya meneja?"

"Ndiyo."

"Ukatetemeka?"

"Mpaka kabati ikatetemeka."

Akacheka hadi maji yakamwagika. Kisha akaniambia, bila kucheka sasa, kwamba mwezi huo atapanga kuni kavu mbele na kila lori la kuni mbichi kutoka Chepseon ataliandikisha, maana mti mbichi hutoa moshi kuliko mvuke. Mama akasema tule.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili kamili, nilikuwa kwenye kibanda cha mita. Karani alikuja na mwavuli, na gambuti zikapata tope kwa mara ya kwanza. Hakujua ufunguo upi. Kufuli lilikuwa na kutu, fundi akalipiga kwa nyundo mpaka likaachia. Ndani, manyigu walikuwa wamejenga kwenye mfuniko wa mita na kioo kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Hakuna jicho lililoisoma kwa muda mrefu sana. Nikakipangusa kwa mkono wa sweta yangu ya shule.

"Shule, soma basi," karani akasema, akirudi nyuma kwa ajili ya manyigu.

Nikafungua kitabu ukurasa mpya, nikatoa kofia ya kalamu ya wino.

"Soma wewe," nikamwambia. "Mimi naandika."

Akainama, akasoma tarakimu moja moja, na mimi nikaziandika.